Jua Halizami Nyuma ya Kibo

Nilipanda juu ya paa la nyumba ya wageni, Moshi mjini, saa moja na nusu asubuhi, mwezi wa pili. Mlima Kilimanjaro ulikuwa umejifunua wote, na wenyeji wa mji ule wanajua kwamba hiyo peke yake ni bahati. Nikapiga picha tatu nne, nikashuka kunywa chai. Jioni nilipozifungua kwenye kompyuta, kilele cha Kibo kilikuwa doa la majivu juu ya anga la majivu. Kitu kilichoonekana vizuri kuliko vyote kilikuwa tenki la maji la jirani, jeusi tii.

Picha za namna hii zimejaa kwenye simu zetu, na nyingi huishia kufutwa. Kabla hujafuta, elewa kilichotokea. Kutoka Moshi hadi kileleni ni kama kilomita 30 kwa mstari ulionyooka, na katikati kuna mvuke, vumbi na moshi wa majiko. Chembe hizo hutawanya mwanga na kuutandaza mbele ya mlima kama shela. Ubongo wako huiondoa shela hiyo bila kukuuliza. Kamera huipokea kama ilivyo. Fungua histogramu, ule mchoro wa vilima unaoonyesha giza upande wa kushoto na weupe upande wa kulia, utakuta mlima wako wote umebanana katikati. Hauna cheusi wala cheupe.

Kazi ya kwanza ni kuuachanisha huo mbanano, na hapo aina ya faili ndiyo inayoamua. JPEG ya kawaida hubeba ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi. Faili ghafi ya biti 14, ile ambayo kamera huiita RAW, hubeba ngazi 16,384. Ukivuta ngazi chache zilizobanana zienee picha nzima, anga la JPEG hukatika michirizi michirizi, wakati la RAW hubaki laini. Kama simu yako ina RAW, iwashe kabla ya safari. Faili zake ni nzito, kweli; futa zile video za salamu za asubuhi kutoka kundi la ukoo.

Programu nyingi siku hizi zina kitufe cha kuondoa utusitusi. Wanaoanza hukivuta mpaka mwisho, miti ikageuka makaa na anga likawa zambarau. Mimi hukivuta kidogo tu, kisha nakiacha, kwa sababu kitufe kinachogusa picha nzima kwa mkupuo mmoja ndicho chombo dhaifu kuliko vyote. Mlima ulihitaji nguvu, lakini tenki halikuhitaji hata chembe.

Ndiyo maana kazi yenyewe hufanyika kwenye tabaka na barakoa. Photoshop ilitoka mwaka 1990, na tabaka zikaja 1994: unapanga mabadiliko juu ya picha kama karatasi za kioo, bila kuigusa picha ya chini. Barakoa ni tundu unalotoboa kwenye karatasi hiyo. Penye tundu mabadiliko hupita, palipozibwa picha hubaki vilevile. Nilitoboa tundu lenye umbo la mlima, kingo zake nikazilainisha, nikaongeza giza kwenye makorongo. Kisha nikatazama mwanga unatoka wapi. Asubuhi ile jua lilikuwa kulia, mashariki, kwa hiyo bega la kulia la theluji nikalitia joto kidogo, rangi ya maziwa yaliyoungua, na la kushoto nikaliacha na ubaridi wa buluu. Dakika kumi tu, na doa likawa na uvimbe wa mlima. Tenki sikulikata. Nililififiza likabaki kivuli pembeni, maana bila kitu cha binadamu karibu, ukubwa wa mlima haupimiki.

Kuna watakaosema huu ni udanganyifu wa zama za kompyuta. Mmarekani Ansel Adams alipiga picha yake ya “Moonrise, Hernandez, New Mexico” mwaka 1941, akaendelea kuichapa kwa miongo kadhaa. Katika nakala za mwanzo anga lina kijivu na mawingu mepesi. Katika za baadaye linakaribia kuwa jeusi kabisa. Negativu ni ileile. Kwenye chumba cha giza alikinga sehemu aliyotaka ibaki nyeupe na kuiongezea mwanga ile aliyotaka iive zaidi. Karibu karne moja kabla yake, Mfaransa Gustave Le Gray alikuwa akiunganisha negativu mbili, moja ya bahari na moja ya mawingu, kwa sababu kemikali za wakati ule zilifanya anga litoke jeupe tupu.

Kwa hiyo siogopi kubadilisha anga. Tangu 2020 Photoshop hufanya hivyo kwa kubonyeza mara moja, na hapo ndipo watu wanapoumbuka. Mawingu huwaka machungwa kutoka kushoto huku vivuli vya migomba vikielekea kushoto vilevile. Au picha hugeuzwa kama kwenye kioo ili “ikae vizuri”, na kilele cha Mawenzi, ambacho kwa mtu wa Moshi kiko kulia kwa Kibo, kikahamia kushoto. Mchaga ataiona kasoro hiyo kabla hata hajashika simu. Mwaka 1982 jarida la National Geographic lilisogeza piramidi za Giza zikaribiane ili picha ya mlalo itoshee jalada la wima, na lawama zake hazijasahaulika hadi leo. Ukibuni, sema umebuni, na faili ya kwanza usiifute.

Picha ninayoiona mara nyingi kuliko zote ni ile ya jua jekundu likizama nyuma ya theluji, na chini yake imeandikwa Moshi. Ukisimama Moshi ukautazama Kibo, unatazama kaskazini. Jua huchwa mkono wako wa kushoto, mwaka mzima.