Mtoano wa Januari na Hesabu za Kubashiri

Kila unapoingia mwezi wa Januari, mazungumzo katika nyumba nyingi za jamaa zetu hapa Marekani hugeuka. Waliokuwa wakiulizana habari za Unguja, Mombasa na Lamu huanza kuulizana nani atashinda Jumamosi na nani Jumapili. Wazee wengi miongoni mwetu tulikulia kandanda, na mpira huu wa Kimarekani, uliochongoka huku na huku kama tunda la kungu na unaochezwa zaidi kwa mikono, tuliuona vurugu tupu. Wajukuu ndio waliotufundisha. Sasa wamefika pahala pa kutuuliza sisi: "Babu, unampa nani?" Na kwa kuwa nimesomesha hesabu miaka mingi, naona suala hili nilijibu kwa hesabu, ramli niwaachie wenyewe.

Kwanza mpango wenyewe, kwa wale wasioujua. Ligi ina timu 32, zilizogawanywa mafungu mawili ya timu 16. Kila timu hucheza mechi 17 tangu Septemba hadi mapema Januari, kisha timu 7 za kila fungu huingia katika mtoano. Namba 1 hupumzika juma la kwanza. Wengine hukutana 2 na 7, 3 na 6, 4 na 5, na mwenye namba ya juu ndiye mwenyeji. Mpango huu wa timu 7 ulianza msimu wa 2020. Mechi zote ni 13, na ya mwisho ni Super Bowl, ichezwayo Februari. Hakuna marudiano: ukifungwa mara moja tu, funga mizigo.

Basi mtu anaweza kujua nini kabla ya mechi? Wengi hutazama timu imeshinda mara ngapi, wakaishia hapo. Mimi huwaambia wajukuu watazame tofauti ya pointi: timu imefunga ngapi na imefungwa ngapi msimu mzima. Timu inayoshinda kwa pointi 20 ina nguvu. Inayoshinda kwa pointi 2 kila wiki huenda ina bahati tu, na bahati haiwekwi akiba. Sisi tunaokaa Minnesota tuliliona jambo hili waziwazi. Msimu wa 2022 timu yetu, Minnesota Vikings, ilishinda mechi 13 na kushindwa 4. Mji mzima ulivaa zambarau. Lakini katika ushindi huo 13, mara 11 walishinda kwa pointi 8 au chini yake, na ukijumlisha msimu mzima, walifunga pointi 424 wakafungwa 427. Yaani timu yenye ushindi 13 ilikuwa imefungwa zaidi kuliko ilivyofunga! Tarehe 15 Januari 2023 wakaja New York Giants, walioshinda mechi 9 tu msimu ule, wakawatoa hapa hapa kwao kwa 31 kwa 24. Aliyesoma hesabu zile hakushangaa sana.

Yako mengine ya kutazama. La kwanza ni kotabeki, yule arushaye mpira, ambaye akiumia timu hubadilika kabisa. Habari za majeruhi zisomwe mpaka siku ya mechi. Uwanja wa nyumbani husaidia, ingawa watu huuzidishia sifa: msimu wa 2020, viwanja vilipokuwa vitupu au na watu wachache kwa sababu ya maradhi ya korona, wenyeji hawakufikia hata nusu ya ushindi. Ama wale mabwana wa televisheni wenye tai na sauti nene, wasikilizeni kwa kuburudika. Sijaona hata mmoja aliyerudi wiki ya pili na daftari kutuonesha alipatia ngapi.

Sasa ukiyajua haya yote, utapatia mara ngapi? Mwenye kufuata timu yenye nguvu zaidi kila mechi hupatia takriban mbili katika kila tatu. Hapo ndipo kikomo kilipo, na walio na mashine za hesabu hawakivuki kwa mbali. Sababu ni kwamba msimu mrefu huonesha nguvu, lakini mtoano ni mechi moja.

Mfano mkubwa ni Vikings hao hao, msimu wa 1998. Hawa hawakuwa watu wa bahati. Walishinda mechi 15 wakashindwa moja, wakafunga pointi 556, idadi ambayo hakuna timu iliyokuwa imewahi kuifikia. Mpigaji wao wa mguu, Gary Anderson, mzaliwa wa Afrika Kusini, alipiga mikwaju 35 katikati ya milingoti msimu ule na hakukosa hata mmoja. Tarehe 17 Januari 1999 walicheza na Atlanta Falcons mjini Minneapolis, ndani ya uwanja wenye paa, upepo haumo. Zikiwa zimebaki dakika mbili na kidogo, Vikings wakiongoza 27 kwa 20, Anderson akaitwa apige mkwaju usiofika yadi 40. Ungeingia, mechi ilikuwa imekwisha. Ukapita nje kidogo ya mlingoti wa kushoto. Falcons wakasawazisha, na katika muda wa nyongeza mpigaji wao, Morten Andersen, Mdenmark aliyekaribia kuwa jina moja na mwenzake, akapiga wake ukaingia: 30 kwa 27. Hakuna hesabu duniani ambayo ingekwambia kwamba mkwaju wa kukosa ni ule.

Ndiyo maana hata timu bora kabisa si ya kutiliwa kiapo. Tuseme namba 1 ina nafasi 7 katika 10 ya kushinda kila mechi. Inahitaji kushinda tatu mfululizo. Zidisha 7 kwa 7 kwa 7, unapata 343 katika 1,000: theluthi moja na ushei. Na mwenye kutaka kupatia mechi zote 13 kwa mbili katika tatu, nafasi yake ni moja katika 195 hivi.

Nimefika hapa kwa makusudi, kwani kuna jambo linalotuhusu. Mei 2018 Mahakama Kuu ya Marekani iliivunja sheria ya 1992 iliyozuia majimbo mengi kuruhusu kamari ya michezo, na leo zaidi ya nusu ya majimbo yameiruhusu. Kamari imehamia mfukoni mwa kijana, katika simu. Kwamba ni haramu wanajua, walisomeshwa chuoni. Lakini wengine hujiona kuwa wao hawachezi kamari, wanatumia ujuzi. Hao nawapa hesabu. Kampuni humpunguzia pointi mwenye nguvu hata pande mbili zikawa sawasawa, kisha humtaka mtu aweke dola 110 ili apate 100. Akipatia mechi 11 apata 1,100. Akikosa 10 apoteza 1,100. Yaani katika mechi 21 ni lazima apatie 11 ili arudi pale pale alipoanza. Na huo wanaouita mkeka vijana wa Dar es Salaam, wa kuunganisha mechi nyingi, ni mbaya zaidi: mechi nne za nusu kwa nusu nafasi yake ni moja katika 16, haki yake ingekuwa kulipwa 15 kwa moja, naye hulipwa kama 12 au pungufu. Kijana mmoja wa jamaa zetu alikwisha karo ya muhula mzima kwa mikeka ya Januari moja. Mamake ameuza bangili.

Sisi katika ukoo tuna karatasi yetu, isiyo na fedha ndani yake. Kila mtu huandika washindi wa mechi sita za juma la kwanza na kuzipa alama 1 mpaka 6. Ile anayoiamini zaidi huipa 6, ya kubahatisha huipa 1. Akipatia hupata alama alizoandika, akikosa hapati kitu. Juma la pili ni alama 1 mpaka 4, na hivyo hivyo mpaka Super Bowl. Mwenye alama chache kabisa ndiye mpishi wa biriani ya siku ya fainali, awe mkubwa au mdogo. Karatasi zifike kabla mechi ya kwanza kuanza. Za kusomwa kwenye simu wakati mpira umeshapigwa hazipokelewi, hata kutoka kwa shangazi.