Viatu vya Mbao na Viatu vya Hariri

Ukitoka hapa Buhemba ukavuka mto Mara pale Kirumi, utaingia nchi ya Wakurya, watu wa litungu lenye nyuzi nane. Aliyepata kutazama ngoma yao ya zamani hasahau viatu. Si ndala wala makubazi. Ni vipande vya mbao vilivyochongwa, vizito, vyenye soli nene hata mchezaji huongezeka kimo kama mtu aliyepanda kigoda. Kichwani huweka manyoya ya mbuni. Sasa, ndugu msomaji, mtu aliyefunga gogo mguuni hawezi kurukaruka kama mwana-mbuzi. Hukanyaga kwa kishindo, na madaha yote huyapeleka mabegani na shingoni. Kwa hiyo msidhani mguu ndio unaochagua mchezo. Kiatu ndicho kinachoamua.

Nayasema haya kwa sababu kila inapokaribia sikukuu ya somo wa parokia, ofisini huletwa kesi zile zile. Gauni za wasichana watakaocheza kwenye maandamano ni fupi. Njuga zina makelele. Sare ni ghali. Na lazima atokee mzee mmoja wa kusema kuwa zamani watu walicheza kwa heshima. Zamani ipi, baba? Hebu tuitazame, na tuanzie mbali, Ulaya, maana wapo wanaofikiri kwamba kwa Wazungu nguo za ngoma hazikuleta ugomvi.

Wazungu wanayo ngoma yao ya kifahari, iitwayo baleti. Leo mtu akiisikia humwazia msichana mwembamba aliyesimama juu ya ncha za vidole vya miguu, na sketi imemsambaa kiunoni kama uyoga. Lakini hapo kale ilikuwa ngoma ya wafalme na mabwana wakubwa. Mwaka 1653 Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa, kijana wa miaka 14, alitokea mbele ya watu wake katika vazi la dhahabu lenye miali kila upande. Yeye ndiye jua! Jina la Mfalme Jua likamganda mpaka kufa kwake. Kichwani alikuwa na nini? Manyoya. Yeye na mchezaji wa Kikurya wangekutana njiani, nafikiri kila mmoja angemtazama mwenzake kichwani kwanza, kisha miguuni, na wangeelewana.

Katika jumba la Opera la Paris sehemu za kike zilichezwa na wanaume waliovaa magauni na vinyago vya uso. Ni mwaka 1681 ndipo wanawake wachezaji walipopanda jukwaani humo. Na msifikiri mapadre walikaa mbali. Wajesuiti wa Paris, katika shule yao ya Louis-le-Grand, waliwafundisha wanafunzi wao baleti, nao wakaicheza mbele ya wazazi siku ya kugawa zawadi. Padre mmoja wa shirika hilo, Claude-François Ménestrier, aliandika kitabu kizima juu ya ngoma hizo, kikatoka mwaka 1682. Padre, na kitabu cha ngoma!

Wanawake walipoingia, waliingia na mizigo yao. Sketi zilifika chini, na ndani yake kulikuwa na vitanzi vya kuzitanua. Mchezaji aliteleza jukwaani kama mtumbwi ziwani. Kama alikuwa na miguu, Mungu ndiye aliyejua. Ndipo mwaka 1726 akaja Paris binti aitwaye Marie Camargo. Huyu aliweza kuruka na kugonganisha miguu hewani kama wanaume, lakini nani angeuona ufundi huo chini ya shamba lile la kitambaa? Akapunguza sketi kidogo, kifundo cha mguu kikaonekana. Akaondoa na visigino vya viatu. Mji mzima ukapiga kelele kwa ajili ya kifundo cha mguu! Mwenzake, Marie Sallé, mwaka 1734 alicheza mjini London bila vitanzi kabisa, amevaa kitambaa chepesi na nywele zimeachwa huru.

Karibu miaka 100 baadaye, mwaka 1832, Marie Taglioni alisimama juu ya vidole vyake katika viatu vyepesi vya hariri, na vazi jeupe jembamba kama ukungu wa asubuhi. Watu waliwehuka. Husimuliwa kwamba huko Urusi mashabiki wake walivinunua viatu vyake, wakavipika na mchuzi, wakavila. Viatu vya Tarime visingepikika, hata kwa kuni za wiki nzima.

Lakini ukungu ule ulikuwa na hatari. Majukwaa ya siku zile yaliangazwa kwa taa za gesi, zenye ndimi za moto zilizo wazi. Dawa ya kuzuia kitambaa kisishike moto ilikuwepo, ila ilikifanya kitambaa kuwa kigumu na kufifisha weupe wake. Binti Emma Livry aliikataa. Alitaka sketi yake iwe nyepesi na nyeupe. Mwezi wa Novemba 1862, siku ya mazoezi pale Opera, sketi ikagusa moto wa taa. Alikaa na maumivu yake miezi minane, akafariki Julai 1863, akiwa na miaka 20. Mabaki ya nguo ile yamehifadhiwa Paris mpaka leo. Akina mama mnaowashonea watoto magauni ya nailoni kwa ajili ya mkesha wa Pasaka, wenye mishumaa mikononi, kwenu habari hii si ya mbali. Urefu wa gauni hubishaniwa hadi usiku. Kitambaa chenyewe hakuna anayekiuliza.

Turudi kwetu, maana nasi tumepata kuvaa ya watu. Tangu miaka ya 1890, huko Lamu na Mombasa, ilianza ngoma ya beni, jina lililotoka katika bendi za Waingereza. Vijana walivaa kofia, mikanda na sare kama askari, wakawa na mfalme wao, majenerali wao na madaktari wao. Vita vya 1914 hadi 1918 viliisambaza bara, na katika Tanganyika vyama vyake vikubwa vilikuwa Marini na Arinoti. Hapa tena nguo ilifundisha mchezo: aliyevaa sare hakukata kiuno, alipiga gwaride. Wamisionari wengi hawakuipenda ngoma hii, na serikali iliitazama kwa jicho la pembeni. Gharama za mavazi kweli zilikuwa kubwa. Lakini vyama hivyo hivyo viliwauguza wanachama wao na kuwazika, na jambo hilo watu wazima wasisahau wanapowacheka.

Padre aliyeitazama ngoma kwa jicho jingine tunaye karibu, ng'ambo ya Bunda, kwa majirani zetu Wasukuma. Padre David Clement, Mkanada wa shirika la Mapadre Weupe, alifika Bujora karibu na Mwanza katika miaka ya 1950. Aliona vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, Bagika na Bagalu, vikishindana tangu zamani, naye hakuvifukuza. Akavipa uwanja katika Sikukuu ya Ekaristi, mwezi wa Juni. Sherehe hiyo huitwa Bulabo, maana yake maua. Wapo wanaocheza na majembe, wakiyarusha na kuyadaka. Wapo wanaojivika chatu mzima mabegani, na vazi hilo hakuna fundi cherehani anayeweza kulipunguza. Mwamuzi mwenye karatasi hayupo. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, na lile lililovuta watazamaji wengi ndilo limeshinda. Ndiyo sababu kila manju huficha vazi lake jipya na ujanja wake wote mpaka siku yenyewe, na watu huacha wali jikoni wakakimbilia upande wa pili wa uwanja wasikiapo kelele huko.