Kanga Ndani ya Nyumba

Kanga ni nguo ya kuvaa, nanyi nyote mmeiona viunoni na mabegani mwa mama zenu. Lakini nguo hiyo hiyo yaweza kuipamba nyumba, ikiwa mwenye kuikata ajua jinsi ilivyogawanyika.

Katika karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua leso za rangi zilizotoka ng'ambo, wakashona leso 6 kuwa nguo moja, 3 juu na 3 chini. Neno leso asili yake ni Kireno. Baadaye wafanya biashara wakaleta nguo nzima iliyopigwa chapa, na kwa ajili ya madoadoa yake, husemwa, ikaitwa kwa jina la ndege kanga.

Kila kanga ina pindo, nalo huizunguka pande zote nne. Ina mji, ndio uwanja wa katikati. Tena ina jina, yaani maneno yaliyoandikwa karibu na pindo la chini. Hapo kwanza maneno hayo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu.

Kanga huuzwa doti, yaani mbili zilizo sawasawa, basi doti moja yatosha dirisha moja. Kwanza ifue peke yake, maana kanga mpya hutoa rangi, tena hurudi. Kisha itundike kwa ubavu wake mrefu, jina likae chini. Ukiisimamisha, maneno hulala, na mgeni atapinda shingo ayasome. Nyuma yake shona bafta nyeupe, kwa kuwa jua hula rangi. Wengine huigongomea ukutani kwa misumari. Kazi hiyo haifai, kutu huiharibu nguo.

Jambo la jina si dogo. Mwanamke akivaa kanga yenye kijembe, maneno hupita pamoja naye. Lakini pazia halitoki mlangoni. Kila aingiaye husemwa nalo, hata shangazi aliyetoka mbali kuleta habari ya msiba. Kwa hiyo yasome maneno kabla ya kulipa fedha.

Chumba kidogo chataka kanga za namna moja tu. Zikiwa namna tatu hugombana. Kwa mito, mji uwe uso wa mto, pindo liwe ukingo wake, na jina lisikatwe katikati. Vipande vitakavyobaki, vikunje mara nne na kuvishona, uvitumie kuepulia sufuria motoni.