Chumvi Inavyotoka Katika Maji ya Bahari

Kila kilo moja ya maji ya bahari ina wastani wa gramu 35 za chumvi za aina mbalimbali. Zaidi kidogo ya robo tatu ya uzito huo ni kloridi ya sodiamu, yaani chumvi ya kupikia. Nyingine ni kampaundi za magnesiamu, kalsiamu na potasiamu. Zote zimeyeyuka, kwa hiyo hazionekani kwa macho wala hazichujiki kwa kitambaa, hata kiwe kizito namna gani. Ili zitoke, lazima maji yenyewe yaondoke.

Chumvi ya kupikia huundwa na elementi mbili ambazo, kila moja peke yake, ni hatari. Sodiamu ni metali laini inayokatika kwa kisu, na ikiguswa na maji huchemka kwa kishindo na hata kuwaka. Mwingereza Humphry Davy aliipata mara ya kwanza mwaka 1807, kwa kupitisha umeme katika magadi makali yaliyoyeyushwa kwa moto. Klorini ni gesi ya kijani-manjano yenye sumu, iliyotumika kuua askari katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Zikikutana, kila atomu ya sodiamu huipa atomu ya klorini elektroni moja. Ya kwanza hubaki na chaji chanya, ya pili na chaji hasi, nazo huvutana kwa nguvu kubwa. Kinachopatikana hakina ukali wa sodiamu wala sumu ya klorini, na hapo ndipo tofauti kati ya kampaundi na mchanganyiko wa kawaida inapoonekana wazi kabisa.

Mpangilio wa chembe hizo zenye chaji, yaani ioni, ulithibitishwa kwa eksirei na William Henry Bragg na mwanawe William Lawrence kuanzia mwaka 1913. Kila ioni ya sodiamu imezungukwa na ioni sita za klorini, na kila ya klorini na sita za sodiamu. Ndiyo maana punje ya chumvi ikitazamwa kwa kioo cha kukuzia huonekana kama kijisanduku chenye pande za mraba. Mvutano huo pia ndio unaofanya chumvi isiyeyuke kwa moto mpaka joto lifikie nyuzi 801 za Selsiasi. Hata hivyo, ikigongwa kwa nyundo hupasuka mara moja: tabaka moja likisogea kidogo tu, chaji zinazofanana hukabiliana na kusukumana.

Maji huvunja mpangilio huo kwa sababu molekuli yake ina upande wenye chaji chanya kidogo na upande wenye chaji hasi kidogo. Molekuli nyingi huizingira ioni moja moja na kuitoa katika fuwele, mpaka maji yashibe. Gramu 100 za maji ya joto la kawaida hushiba kwa gramu 36 hivi za chumvi. Yakichemka hufikia gramu 39 tu. Sukari ni tofauti sana: maji yaleyale ya joto la kawaida huyeyusha gramu 200 hivi, na yakichemka huyeyusha zaidi ya mara mbili ya hapo. Kwa hiyo shira nzito ya moto ikiachwa ipoe huweza kutoa fuwele, lakini maji ya chumvi yakipozwa hayatoi karibu chochote. Njia iliyobaki ni kuyageuza mvuke.

Kazi hiyo hula joto jingi. Kupasha kilo moja ya maji kutoka nyuzi 25 hadi 100 huhitaji kilojuli 315 hivi, lakini kuyageuza yote kuwa mvuke baada ya hapo huhitaji 2,260, yaani kama mara saba. Na kilo moja ya chumvi ya kupikia hutaka takriban lita 36 za maji ya bahari. Uvinza, mkoani Kigoma, watu wamechemsha maji ya chemchemi kwa kuni tangu karne nyingi zilizopita, na jambo hilo liliwezekana kwa sababu maji yale yana chumvi nyingi kuliko bahari. Pwani, kuanzia Gongoni na Marereni nchini Kenya hadi Lindi na Mtwara, kazi huachiwa jua na upepo. Maji hugeuka mvuke bila kuchemka, kwa kuwa molekuli zenye kasi zaidi huponyoka juu ya uso wake na upepo huondoa hewa yenye unyevu. Mabwawa ya chumvi huchimbwa mapana na ya kina kifupi kwa sababu hiyo.

Ustadi mkubwa wa mvunaji uko katika kujua wakati. Chumvi za baharini hazitoki kwa pamoja. Maji yakipungua hadi nusu, chokaa huanza kutuama. Yakibaki kama sehemu moja ya tano, hufuata jasi. Yakibaki kama sehemu moja ya kumi, ndipo chumvi ya kupikia huanza kujengeka chini. Maji huhamishwa bwawa hadi bwawa ili chokaa na jasi ziachwe nyuma. Mwishoni hubaki maji machungu yenye magnesiamu nyingi, nayo lazima yamwagwe kabla hayajakauka juu ya mavuno. Anayechelewa hupata chumvi chungu.

Tena hupata chumvi inayolowa. Kloridi ya sodiamu safi haivuti maji kutoka hewani mpaka unyevu upite asilimia 75. Kloridi ya magnesiamu huanza kwenye asilimia 33 hivi. Katika hewa ya Mombasa au Dar es Salaam, hata chumvi safi hulowa siku nyingi, lakini iliyobaki na magnesiamu hulowa mapema na hukauka kwa shida.

Unyevu huo huathiri pia madini joto, yaani iodini, yanayoongezwa ili kuzuia rovu. Viwanda hutumia iodeti ya potasiamu kwa sababu huvumilia joto na unyevu kuliko iodidi, lakini nayo hupungua ikihifadhiwa vibaya. Chumvi ya nyumbani ifunikwe vizuri, na iwekwe mbali na jua na mvuke wa jiko.