Mzigo na Umri wa Mchukuzi

Cheyo ni kata ya mji wa Tabora, uliokuwa kituo kikuu cha njia ya misafara iliyotoka pwani kwenda Ujiji. Wenzetu wa Visiwani hawahitaji kukumbushwa njia hiyo, kwani mali yake ilishukia Unguja, na Kiswahili kilipandia bara kwa njia iyo hiyo. Richard Burton, Mwingereza aliyefika huko mwaka 1857, aliandika kwamba mtoto wa Kinyamwezi wa miaka sita au saba alikwisha kuchukua begani pembe ndogo ya ndovu.

Hatuisifu biashara ile, wala hatutamani watoto wapagazi. Lakini wazee wale walijua jambo moja: mzigo hupimwa kwa umri wa mchukuzi.

Miaka sita au saba ndiyo umri wa kuanza darasa la kwanza. Je, mzigo wa mtoto huyu leo hupimwa na nani? Mwalimu amefunzwa habari za makuzi ya mtoto. Lakini idadi ya watoto darasani, madawati, uji wa asubuhi na fedha za vitabu huamuliwa na mchumi, mhasibu, mhandisi na mtawala, ambao wengi wao walihitimu chuo kikuu bila kulazimika kulisoma jambo hilo hata kidogo.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba elimu ya ujifunzaji na makuzi ya mtoto iwe somo dogo, ambalo mwanafunzi wa fani yoyote aweza kulichukua kando ya somo lake kuu.

Faida yake si ndogo. Jean Piaget wa Uswisi (1896–1980) alionyesha kwamba maji ya kikombe kipana yakimiminwa katika bilauri nyembamba, mtoto wa miaka minne kwa kawaida husema yamezidi. Mtoto huyo si mjinga. Akili yake haijafikia hatua hiyo, na kiboko hakitamfikisha. Naye Lev Vygotsky wa Urusi (1896–1934) alifundisha kwamba analoliweza mtoto leo kwa kusaidiwa, kesho ataliweza peke yake. Mpangaji anayelijua hilo hatawarundika watoto hata mwalimu asiweze kumfikia kila mmoja.

Sera ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliingiza elimu ya maandalizi katika elimu ya lazima. Ile ya Bara ya mwaka 2014 ililazimisha mwaka mmoja wa elimu ya awali. Sera hizo zahitaji watekelezaji wanaomwelewa mtoto.

Wakufunzi wapo. Tabora kuna Chuo Kikuu Kishiriki cha Askofu Mkuu Mihayo, kinachofundisha walimu, wakiwamo wa elimu maalumu; Unguja kuna Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kilichoanza kufundisha mwaka 2001. Twawaomba wakuu wa vyuo na wizara za elimu za pande zote mbili walitafakari pendekezo hili wapangapo masomo ya mwaka ujao.