Msemaji na Aulizwe

Twawasihi wazazi wa Isevya wawaruhusu watoto wao, wa kike kwa wa kiume, kuingia katika mashindano ya wanafunzi ya kusema hadharani. Tabora si mgeni wa jambo hili. Julius Nyerere, aliyeingia Shule ya Serikali ya Tabora mwaka 1937, alisaidia kuanzisha humo chama cha mdahalo. Januari 1958 alisimama katika mji huo huo mbele ya wajumbe wa TANU, ambao wengi wao walitaka kuususia uchaguzi wa kura tatu, yaani kila mpiga kura kuchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Aliwaeleza kwamba kususia ni kuwaachia UTP viti vya Baraza. Wajumbe wakageuka, nayo TANU ikashinda. Uamuzi huo wa Busara ulipatikana kwa maneno tu.

Lakini tuna neno kwa waamuzi. Mtoto aliyekariri hotuba ya mwalimu wake kama kasuku hupigiwa makofi. Aulizwapo swali moja, kimya! Huyo, kwa maoni yetu, hajasema bado. Yafaa kila msemaji aulizwe na wenzake maswali mawili, na nusu ya alama zitoke katika majibu.