Kwa Nini Ekzosi ya Pikapu Hupiga Kama Bunduki

Je, wajua kwamba pikapu inapopiga mlio kama wa bunduki huko nyuma, mara nyingi ekzosi haina kosa lolote? Kinacholipuka mle ndani ni petroli iliyotakiwa kuungua ndani ya silinda. Imepita mbichi, ikatoka pamoja na moshi, ikawakia njiani. Petroli ikichanganyika na hewa huweza kuwaka bila cheche kwenye joto la nyuzi 280 hivi, na bomba lililo karibu na injini hupita joto hilo kwa urahisi gari linapofanya kazi.

Chukua Toyota Hilux ya miaka ya 1980 yenye injini ya 22R: silinda 4, kabureta, distribyuta na nyaya ndefu za plagi. Injini ikiunguruma taratibu kwa mizunguko 800 kwa dakika, kila silinda inapaswa kuwaka mara 400 katika dakika hiyo. Plagi moja ikifa, silinda yake inasukuma petroli na hewa mbichi kwenye bomba mara 400 kila dakika, huku silinda tatu za jirani zikileta moto. Ndiyo maana sikubaliani na fundi anayeanza kwa kufungua sailensa. Sailensa huchanika kwa sababu ya milipuko hiyo; kuibadilisha bila kutafuta chanzo ni kumtia mwenye gari hasara mara mbili.

Kabla ya kushika spana, sikiliza mlio unakuja wakati gani. Ukija gari linapopanda mlima na mzigo, shuku umeme wa plagi. Mgandamizo ndani ya silinda huwa mkubwa wakati huo, cheche hupata shida kuruka, na umeme hutafuta njia rahisi kupitia waya uliochoka au kofia ya distribyuta yenye ufa. Fungua boneti usiku, mahali pasipo na taa, injini ikiwa inanguruma. Waya mbovu utauona wenyewe: vicheche vya bluu vinarukia chuma cha injini. Usiuguse kwa mkono.

Mlio ukija dereva anapoachia mafuta kwenye mteremko, tafuta mahali ekzosi inapovuja. Moshi hutoka kwa mapigo, na kati ya pigo na pigo mgandamizo ndani ya bomba hushuka chini ya ule wa nje. Gasketi ya manifodi ya ekzosi ikiwa imeungua, hewa safi inavutwa ndani na kukuta petroli ambayo haikuungua. Alama yake ni masizi meusi pembeni mwa gasketi, na sauti ya "tsk tsk" asubuhi injini ikiwa baridi, inayopungua chuma kikipata moto na kutanuka.

Na kama milio imeanza siku ileile gari lilipotoka gereji, angalia nyaya kwanza. Injini ya 22R huwaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2. Nyaya mbili zikibadilishana nafasi, plagi inatoa cheche wakati valvu iko wazi.

Silinda isiyowaka hujulikana kwa njia ambayo haigharimu kitu. Washa injini ikiwa baridi kabisa, ngoja dakika moja hivi, kisha dondosha tone moja la maji kwenye kila tawi la manifodi hiyo ya ekzosi. Matawi matatu yatachemka na kukauka. La nne litabaki limelowa. Tone tu, kwa sababu chuma cha kusubu kikimwagiwa maji kikiwa cha moto hupasuka. Ukiikuta silinda hiyo, fungua plagi yake uitazame ncha. Rangi ya kahawia hafifu ni nzuri. Masizi makavu yanasema petroli ni nyingi mno, au cheche ni dhaifu. Ikiwa imelowa oili, ringi au sili za valvu zimechoka.

Plagi na waya vikiwa vizima na silinda bado haiwaki, pima kompresheni. Hapo mara nyingi utakuta tatizo ni valvu ya kutolea moshi. Valvu hiyo hupoa kwa kukalia kiti chake. Nafasi kati yake na mkono unaoisukuma ikibana, valvu haikai vizuri, inaungua ukingoni. Kipimo cha nafasi hiyo kwenye 22R ni milimita 0.30 injini ikiwa ya moto. Madereva wengi hawajawahi kuomba nafasi hiyo ipimwe, na inasikitisha, maana ni kazi ndogo inayookoa silinda hedi nzima.

Pikapu za sasa zina mtego wao. Hewa ikivuja kuingia kwenye bomba kabla ya kihisi cha oksijeni, kompyuta hudhani petroli ni kidogo, inaongeza, na milio inazidi. Mashine ya kusoma hitilafu ikionyesha P0301, silinda ya 1 haiwaki. P0302 ni ya 2, na kuendelea. P0300 ina maana silinda kadhaa haziwaki, au zinapokezana.

Taa ya injini ikianza kumetameta barabarani, achia mafuta, pumzisha gari na usiliendeshe tena na mzigo. Petroli mbichi inaungulia ndani ya masega ya katalisti, kifaa cha kusafisha moshi, wakati huo na kuyayeyusha, na masega ni ghali kuliko plagi zote 4 pamoja na nyaya zake.